Kibodi ya IBM Model M: namna ya kuisafisha, kuirekebisha na kuirudisha kazini bila kuiharibu

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye IBM Model M kwenye mkusanyiko wake, ile kibodi nzito ya rangi ya krimu yenye sauti ya kaka-kaka, iwe umerithi, umeokota mahali au umeinunua kwa mtu aliyekuwa haijui. Kabla hujashika bisibisi naomba tukubaliane jambo moja. Hii kitu imeishi miaka 30 na ushee bila msaada wetu, kwa hiyo tunagusa kidogo tu inapobidi, na chochote tunachofanya kiwe kinaweza kurudishwa kama kilivyokuwa. Watu wengi huwa wanaanza na rangi, wanataka ing'ae kama mpya, alafu wanamaliza na kibodi nyeupe isiyoandika. Mimi nasema anza na kuandika, rangi itajijua.

Anza kwa kuisoma

Igeuze uangalie lebo ya chini. Pale kuna namba ya kifaa, namba ya utambulisho, tarehe ya kutengenezwa, na mara nyingi na nchi ilikotoka. Model M zilianza kutoka mwaka 1985 na viwanda vilikuwa Lexington kule Kentucky Marekani, Greenock kule Scotland na Guadalajara Mexico, baadaye mwaka 1991 IBM ikaitenga ile sehemu yake iliyokuwa inatengeneza kibodi ikawa kampuni inayojitegemea, Lexmark, kwa hiyo ukikuta jina la Lexmark kwenye lebo usishtuke, sio feki. Lexmark iliacha kutengeneza kibodi mwaka 1996 na ndipo Unicomp ikachukua kazi hiyo, na mpaka leo wanatengeneza kibodi za springi zilezile palepale Lexington. Hilo lina faida kubwa kwako manake vifuniko vya vitufe na waya bado vinapatikana vipya.

Namba utakayoikuta sana ni 1391401, hiyo ndo ya kawaida kabisa, mpangilio wa Marekani wenye vitufe 101. 1391406 ni ya mpangilio wa Uingereza. 1390131 ni ya mwanzo mwanzo, ina nembo ya fedha ya mraba pale juu, wakusanyaji wanaipenda sana. 1391472 ni ile fupi isiyo na namba za pembeni, kama unayo hiyo itunze vizuri zaidi, hazipatikani kirahisi. 52G9658 ni ya enzi za Lexmark, ina nembo ya bluu na mifereji ya kutoa maji endapo utamwagikiwa na kinywaji, ila plastiki yake ni nyepesi kidogo ukilinganisha na za zamani.

Piga picha lebo hiyo ukiwa hujaanza chochote, na ukishapiga usiiguse tena na maji wala spiriti. Lebo ikifutika umepoteza cheti cha kuzaliwa cha kibodi yako na hakuna wa kukutolea kingine.

Jaribu kabla ya kufungua

Hapa watu wanaruka na sio sawa, ni lazima ujue hali yake ukiwa hujaigusa ili baadaye kitufe kikigoma ujue ni ugonjwa wa zamani au ni wewe umeuleta.

Kwanza itikise taratibu ukiwa umeinamisha. Ukisikia vitu vidogo vinacheza cheza ndani kama mchanga, hizo ni ribiti za plastiki zilizovunjika, nitazieleza kwa kirefu chini manake huo ndo ugonjwa mkuu wa Model M.

Pili ichomeke. Kama ni ya zamani sana plagi yake itakuwa ile kubwa ya duara yenye pini 5, kama ni ya baadaye itakuwa ndogo ya PS/2 yenye pini 6, na hizi mbili zinaongea lugha moja kwa hiyo adapta ya kawaida tu ya kubadilisha umbo la plagi inatosha. Lakini kutoka PS/2 kwenda USB ni habari nyingine kabisa. Unahitaji adapta yenye chipu ndani inayotafsiri, zile adapta ndogo za kijani au za zambarau zinazokuja bure na kibodi za kisasa hazifanyi kazi hapa, zile ni nyaya tu ndani na zinategemea kibodi yenyewe ijue USB, na Model M ya zamani haijui USB. Watu kibao wametupa kibodi nzima kwa sababu ya adapta hiyo. Pia Model M za mwanzo zinakula umeme mwingi kuliko kibodi za leo, adapta nyingine dhaifu zinashindwa, kwa hiyo ikigoma jaribu adapta nyingine kabla hujaihukumu kibodi.

Na kama kompyuta yako ina soketi ya PS/2 yenyewe, izime kwanza ndo uchomeke au uchomoe. PS/2 haikutengenezwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka, unaweza kuunguza ubao.

Ikipata umeme zile taa tatu za kulia juu zinawaka mara moja na kuzima, zile zenye taa lakini, manake baadhi hazina. Fungua programu yoyote ya kujaribu vitufe, bonyeza kimoja kimoja kuanzia Esc, andika kwenye karatasi vinavyogoma. Kitufe kimoja kimoja kugoma huku na huku mara nyingi ni springi haijakaa vizuri, jambo dogo. Safu nzima kugoma kwa pamoja ni membreni (zile karatasi za plastiki zenye njia za umeme chini ya vitufe) au ile mikia yake bapa inayoingia kwenye ubao. Na ukisikia kitufe kinaandika bila kugonga, yaani bila kutoa ule mlio wake, au kinagonga bila kuandika, kiandike pembeni hicho, kitakusaidia.

Tahadhari nyingine ndogo, ukiona plagi kama ya waya wa simu au waya wa mtandao, na vitufe 122, hiyo ni ya terminali, yaani mashine ya kuingilia kompyuta kubwa ya ofisi, na haitaongea na kompyuta yako hivi hivi, inataka kigeuzi maalumu. Na ile yenye vitufe 83 iliyotoka na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 sio Model M, ni Model F, inaongea lugha yake ya peke yake, mwongozo huu hauihusu.

Jinsi inavyofanya kazi

Ukielewa hapa hutaharibu kitu. Chini ya kila kitufe kuna springi imesimama juu ya kinyundo kidogo cha plastiki. Unapobonyeza, springi inajikaza mpaka inafika mahali haivumilii tena, inajikunja ghafla kwa pembeni, na pale inapojikunja ndo inakipiga kinyundo chini, kinyundo kinagusa membreni, herufi inatoka. Kwa hiyo sauti unayosikia na herufi unayoiona vinatoka kwenye tendo moja, haiwezekani kidole kikadhani kimebonyeza na kumbe bado. Hati ya ubunifu huu aliipata Richard Hunter Harris wa IBM mwaka 1978. Kibodi nyingi za leo zinazopiga kelele zina kijisehemu cha kutengeneza sauti tu, hii sauti yake ni kazi yenyewe inafanyika. Ndio maana mimi naiheshimu hivi.

Kuanzia juu kwenda chini mpangilio ni huu: vifuniko, vishina, springi ndani ya matundu yake na vinyundo chini yake, mpira mwembamba, membreni ya karatasi tatu za plastiki, alafu bamba la chuma lililopinda. Bamba hilo ndo linaipa uzito wa kilo 2 na zaidi.

Kung'oa na kuosha vitufe

Piga picha ya kibodi nzima kwa juu kwanza, hata kama unajua mpangilio kwa kichwa, piga tu.

Kwenye zile za kawaida kitufe kina vipande viwili, kifuniko cha juu chenye herufi na kishina cha chini yake. Kifuniko kinatoka kwa kukivuta juu wima, tumia kile kivutio cha waya, sio kile cha plastiki kinachokwaruza pembeni. Kama uchafu sio mwingi acha vishina mahali pake, toa vifuniko tu. Kama ni chafu sana, yaani nywele, makombo, majivu ya sigara (ya ofisini mara nyingi inakuwa hivyo), vuta na vishina. Nyingine zina kipande kimoja tu, basi hapo kila kitu kinatoka pamoja.

Kitufe kirefu cha nafasi kina waya wa chuma chini yake unaoshikana na ndoano mbili. Usikivute kutoka katikati, kiinue pole pole upande mmoja, kisha wa pili, na uangalie waya unatoka wapi, hizo ndoano zikivunjika ni huzuni. Shift, Enter, na zile kubwa za upande wa namba zina vipande vya plastiki vya kuzisaidia zisiyumbe, vikitoka navyo viweke kando.

Vifuniko vimetengenezwa kwa PBT, plastiki ngumu sana, na herufi hazijachapwa juu, rangi imeingizwa ndani ya plastiki kwa joto. Ndo maana baada ya miongo mitatu bado zinasomeka na vifuniko having'ai mafuta. Kwa hiyo osha bila hofu: beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, loweka saa kadhaa, sugua na mswaki laini. Vidonge vya kusafishia meno bandia navyo vinafanya kazi nzuri. Usitumie maji yanayochemka na usitumie asetoni mahali popote kwenye hii kibodi.

Suuza, kung'uta, tandaza kwenye taulo vikiwa vimegeuzwa juu chini, na hapa ndo uvumilivu unatakiwa, maji yanajificha ndani ya kile kitundu cha kifuniko na hutayaona, acha usiku mzima na kesho yake. Usikaushe kwa kikaushia nywele chenye moto.

Kufungua ganda

Kuna skrubu 4 chini, kwenye ukingo wa nyuma, zimezama kwenye mashimo ya kina. Sio za bisibisi, ni za soketi ya milimita 5.5, na soketi yenyewe iwe nyembamba kuta zake na ndefu, zile nene haziingii. Usijaribu kwa koleo. Zikitoka inua ganda la juu kuanzia nyuma, mbele limeshikwa na vikucha vya plastiki, kwa hiyo linafunguka kama kitabu kuelekea kwako alafu unalitelezesha.

Ndani utaona ubao mdogo umeunganishwa na mikia bapa ya membreni. Mikia hii inavutwa wima, kwa kushika karibu kabisa na soketi, taratibu. Ikikatika hakuna kuunga, unatafuta membreni nyingine. Kuna na waya mmoja wa athi, umekazwa kwenye bamba, kumbuka kuurudisha. Mara nyingi utakuta na lebo nyingine kwenye bamba la chuma yenye tarehe, nayo piga picha.

Ganda lioshe kwa sabuni na maji kama vifuniko, ukilinda lebo. Sehemu ya bamba usiimwagie maji hata tone, maji yakiingia kati ya zile karatasi tatu za membreni hayatoki na yanaanza kula njia za umeme. Pale tumia brashi kavu na mashine ya kufyonza vumbi, alafu pamba yenye spiriti kidogo kwa madoa ya juu. Kama umetoa vishina, angalia mashine isivute springi.

Kuhusu kuing'arisha kwa hidrojeni peroksaidi na jua, mimi sishauri kama ndo kibodi yako ya kwanza. Inaweza kutoka madoa madoa na ukishafanya hakuna kurudi nyuma. Manjano kidogo kwenye ganda ni umri wake, haiumwi.

Ribiti, ugonjwa wenyewe

Sasa turudi kwenye ule mchanga uliousikia. Bamba la chuma limeshikwa kwenye fremu ya plastiki kwa vijiti vingi vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa kiwandani. Miaka inavyopita vinakauka na vichwa vinakatika, bamba linaanza kuachia, vinyundo vinapoteza umbali wao sahihi kutoka kwenye membreni, na kitufe kinakuwa kilegevu, hakigongi vizuri au hakiandiki.

Geuza uhesabu. Kama ni vichache vimekatika, vimetawanyika, na kila kitufe kinagonga na kuandika, iache. Naomba uniamini hapo, iache hivyo hivyo. Lakini kama eneo zima limeachia, au vitufe vya sehemu moja vimelegea, basi inabidi kubadilisha ribiti kwa bolti, na hii ndo kazi pekee kwenye mwongozo huu ambayo haiwezi kurudishwa nyuma, lakini bila hiyo kibodi inakufa, kwa hiyo ni halali.

Utahitaji bolti za M2 zenye urefu wa milimita 8 na nati zake, drili ya mkono au ya umeme yenye kasi ndogo, na kikekee cha milimita 1.5 au 1.6. Nunua na vikekee vya ziada, vinavunjika.

Vitufe na vishina vyote vimeshatoka. Laza fremu uso chini juu ya taulo nene au uinyanyue kwa vipande viwili vya mbao pembeni ili springi zisibanwe. Kata vichwa vya ribiti vilivyobaki kwa patasi ndogo kali, ukisukuma kwa ubapa, mkono mwingine usiwe mbele ya patasi. Ukimaliza inua bamba polepole, usilazimishe, likigoma ujue kuna kichwa umekisahau. Toa membreni, toa mpira, alafu vinyundo na springi zake uvikusanye kwenye bakuli, kimoja kikipotea kitufe kimoja hakitafanya kazi kwa hiyo vihesabu.

Membreni iangalie kwenye mwanga. Ukiona njia zimekuwa nyeusi au za kijani na zimekatika, hapo ndo jibu la ile safu iliyokuwa inagoma, itabidi ubadilishe.

Sasa toboa kila mahali palipokuwa na ribiti. Fremu imepinda, kwa hiyo drili lazima iwe wima kwa pale unapotoboa na sio wima kwa meza, hili ndo linaharibia wengi, tundu likienda mshazari linatokea kwenye ukuta wa tundu la springi. Toboa polepole, plastiki ikipata joto inayeyuka. Machache ya ukingo wa chini yana nafasi finyu sana, ukiyaruka machache hakuna tatizo. Ukimaliza ondoa unga wote wa plastiki, wote kabisa, chembe moja chini ya kinyundo inatosha kukigomesha.

Kurudisha ni kinyume chake. Vinyundo na springi kwanza, kimoja kimoja, hakikisha kila kinyundo kimelala kwenye kiti chake. Mpira, membreni, bamba. Bolti anza za katikati, kisha sogea kuelekea pembeni, kaza nusu tu mpaka zote zimeingia, ndo urudi kukaza kidogo zaidi. Usikaze kwa nguvu, plastiki hii imezeeka. Kabla hujafunga kitu kingine rudisha vishina kadhaa hapa na pale ubonyeze, kigonge sawasawa.

Kuvirudisha vitufe

Isimamishe kibodi wima, upande wa kitufe cha nafasi ukiwa juu. Kwa mkao huo springi na kinyundo vinalala pale panapotakiwa na kishina kinaikuta springi vizuri. Ukivirudisha ikiwa imelala mezani nyingi zitakaa vibaya na utaanza kudhani umeua membreni. Kila ukirudisha kimoja, bonyeza. Kikigonga endelea, kisipogonga kitoe, inyooshe springi kwa kuigusa tu na kibanio, rudisha tena. Kitufe cha nafasi kiwe cha mwisho, waya kwanza kwenye ndoano kisha ukibonyeze.

Kuna watu wanaweka kipande cha uzi wa meno ndani ya kila springi ili kupunguza ule mlio wa chuma unaobaki baada ya kugonga. Unafanya kazi, na unaweza kuutoa siku yoyote, kwa hiyo siupingi. Mimi mlio ule naupenda.

Kuishi nayo kila siku

Haina kitufe cha Windows, ilikuja kabla yake. Kwenye mfumo wa kompyuta yako unaweza kuifanya Caps Lock au Alt ya kulia ifanye kazi hiyo, mimi nimeweka Caps Lock, sijawahi kuihitaji kwa kazi nyingine. Pia usishangae baadhi ya michanganyiko ya vitufe vitatu kwa pamoja ikikataa, membreni yake ndo ilivyojengwa, wanaocheza gemu watalisikia hilo, wanaoandika hawatalijua kabisa.

Kama waya wake unachomoka kutoka kwenye kibodi, yaani zile za mwanzo zenye plagi pana nyuma, uchomoe ukiihifadhi, usiukunje kwa kubana. Iweke mahali pakavu, mbali na jua la dirishani, ikiwa imelala kwa tumbo lake na sio kwa ubavu, na usirundike kibodi nyingine juu yake. Na ikibidi kuisafirisha, toa kitufe cha nafasi ukifunge peke yake, kisha funga kibodi kwa sponji nene pande zote sita, manake bamba la chuma zito likidondoka hata kimo kidogo ndo linakata ribiti zilizobaki.